Neno "Mzima" Lina Bei: Maneno Yangu kwa Wafugaji wa Busia

Jumamosi iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanachama wa chama chetu cha wafugaji hapa Busia, upande wa Uganda. Mvua iliwazuia wengi wa vijiji vya mbali, nao wameomba wayapate maneno yale. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Nyingi zilikuwa za meno ya ng'ombe, na sikuona aliyezifurahia.

Mwenyekiti wetu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana wa boda mliokuja kujikinga mvua mkanaswa na mkutano: hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ambao hamjaitika najua mnawaza mifugo mliyoiacha nje, nawaelewa.

Mimi ni daktari wa mifugo, miaka 21 sasa. Leo naanza kwa kukiri. Nimewahi kudanganywa sokoni. Mimi, daktari, mwenye kipimajoto mfukoni.

Mama yangu alitaka ng'ombe wa maziwa. Nikaenda sokoni, siitaji ni lipi, nikamkuta chotara wa Frizian. Kiwele kimejaa hadi kinang'aa, chuchu zinachuruzika maziwa zenyewe, ndama amesimama pembeni. Dalali akanitambua. Akaniambia, "Daktari, wewe hufundishwi. Huyu ni mzima kama chuma. Atakupa lita 15 bila taabu." Nikapima joto: 38.6, sawa kabisa. Nikatazama macho, ufizi, nikafungua mdomo nikahesabu meno. Nikalipa shilingi 1,400,000, nikampakia kwenye pikap pamoja na ndama wake.

Tulifika nyumbani jioni. Ndama akamsogelea ng'ombe anyonye, ng'ombe akampiga teke. Akajaribu tena, akapigwa tena. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Hakuinuka. Alitazama mara moja tu, akasema, "Mwanangu, huyu si mama yake."

Asubuhi tulikamua lita 3. Kiwele kile kilikuwa kimejaa kwa sababu hakikukamuliwa siku mbili. Ndama alikuwa wa ng'ombe mwingine, ameletwa pale ili mimi nione kwamba yule amezaa juzi. Nilipiga simu. Imezimwa. Mpaka leo imezimwa.

Mnacheka. Chekeni. Lakini niambieni: nilikosea wapi? Kupima nilipima. Kushika nilishika. Ila sikumuuliza yule bwana swali hata moja ambalo jibu lake lingeweza kumfunga. Yeye alisema "mzima", mimi nikalipia "mzima". Ng'ombe wa lita 3 wakati ule hakufika hata 800,000. Zile 600,000 za juu nilinunua nini? Nilinunua maneno.

Na hila ile si ya juzi. Shekhe aliyeketi pale atanisahihisha nikikosea: Mtume alikataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili mnunuzi aone kiwele kikubwa, na aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa siku 3 za kuamua. Akitaka amweke, akitaka amrudishe, pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyanywa. Ni sawa, shekhe? Amekubali. Basi hila hii ina zaidi ya miaka 1,400, na dawa yake nayo ina kama miaka 1,400, na mimi bado nilinunua mbuzi kwenye gunia.

Sasa nataka tusome sarufi kidogo. Msigune! Sarufi ya sokoni.

Sikilizeni jinsi dalali anavyosema. "Atakupa lita 20." "Atazaa mwezi wa 11." "Hatakusumbua huyu." Ata, ata, ata. Kwa nini? Kwa sababu kesho haina shahidi. Sheria yetu ya jinai inasema anayepata mali ya mtu kwa udanganyifu anaweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini udanganyifu wenyewe lazima uwe juu ya jambo lililokuwapo au lililopo. Ahadi ya jambo lijalo haiingii humo. Dalali hakusoma sheria hiyo, ila anaijua kwa pua. "Atakupa lita 20" ni ndoto yake, na ndoto haishtakiwi. "Jana jioni alikamuliwa lita 20" ni habari. Ikiwa ni ya uongo, huo ni uongo wenye tarehe.

Kwa hiyo kazi yako wewe mnunuzi ni moja. Mtoe kwenye "ata", umlete kwenye "ali" na "ame". Tujaribu pamoja. Mimi dalali: "Atakupa lita 20!" Ninyi mnaniuliza nini?

Vizuri, yule mama wa kitenge cha kijani: "Jana alikamuliwa lita ngapi, na nani alimkamua?" Mwingine? "Amezaa mara ngapi?" Mwingine? "Aliwahi kutupa mimba?" Hilo ni swali la dhahabu, nitalirudia. Tuendelee. Alichanjwa nini, lini, na nani? Sindano ya mwisho alidungwa lini, na ilikuwa ya nini? Zizini alikotoka, kuna mnyama aliyekufa mwezi huu? Uliza halafu unyamaze. Usimsaidie kujibu. Sisi tuna tabia mbaya, tunauliza kisha tunajibu wenyewe: "Huyu amechanjwa, eti?" Mtu atasema nini hapo ila ndiyo?

Nilisema nitarudi kwenye kutupa mimba. Kuna kijana fundi baiskeli aliyenunua ng'ombe jike kwa bei nzuri kutoka kwa mtu wa kijiji cha pili. Aliuliza, "Amewahi kuzaa?" Akajibiwa, "Ndiyo, mara moja." Kweli tupu, ukitaka kuiita kweli. Ule uzazi ulikuwa mimba ya miezi 7 iliyotoka ikiwa imekufa. Baada ya ununuzi ule ng'ombe akanenepa, akapandishwa, akazaa ndama hai, akatoa maziwa mazuri. Ila fundi naye akaanza homa za jioni. Jasho usiku, magoti yanauma, mgongo unauma. Akatibiwa malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hospitali wakaja kumpima damu ya ugonjwa mwingine: brusela. Alikuwa anakunywa maziwa mabichi, asubuhi na jioni, kutoka kwa ng'ombe "mzima".

Hivi ndivyo brusela inavyofanya kazi, ndugu zangu. Ng'ombe anaweza kutupa mimba mara moja tu, kisha anazaa kama kawaida, huku vijidudu vinaendelea kutoka kwenye maziwa na kwenye kondo la nyuma. Kwa macho humuoni. Kwa kipimajoto humuoni. Kipimo cha damu kinamwona. Na maziwa chemsheni, hata ya ng'ombe wenu wenyewe, hata kama babu alikunywa mabichi akafika miaka 90.

Ndigana kali je? Kule Buganda wanaiita makebe. Kupe wa kahawia, yule apendaye masikio, anamng'ata ng'ombe leo, na dalili zinakuja baada ya wiki moja hadi tatu hivi. Kwanza tezi iliyo chini ya sikio inavimba, joto linapanda kupita 40, kisha anahema kama aliyekimbia. Sasa hesabuni. Amenunuliwa Jumanne, amelala chini Jumanne ya pili. Je, muuzaji alidanganya? Labda hakujua. Labda kupe walikuwa wako wewe! Hii ndiyo sababu nasema neno "mzima" halitoshi. Linaweza kusemwa na mwongo na linaweza kusemwa na mtu mwaminifu, na ng'ombe akafa vilevile.

Niwaambie kisa kikubwa zaidi, kinachotuhusu sisi wa kanda hii. Wazee mnakumbuka miaka ya mwisho ya 1980, Teso waliponyang'anywa ng'ombe karibu wote. Vita, uvamizi, mazizi yakabaki majani. Baadaye hali ilipotulia watu wakaanza kununua upya. Ng'ombe wakatoka wapi? Wengi walitoka huku kusini, kwenye maeneo yetu yenye mbung'o na malale tangu enzi za mababu. 

Mwishoni mwa 1998 watu wa Soroti, kule kule Teso, wakaanza kuugua malale, ile aina kali ambayo bila matibabu inaua. Haikuwahi kuonekana kule. Watafiti wakafuatilia nyayo, wakafika wapi? Sokoni. Soko la ng'ombe la Brookes Corner. Wagonjwa walikuwa wengi zaidi karibu na soko lile, na zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa pale walitoka maeneo yenye malale.

Na wale ng'ombe walikuwaje? Wazima! Hapo ndipo pagumu. Kijidudu kile cha malale ya watu hukaa ndani ya damu ya ng'ombe, na ng'ombe anakula, anatembea, ananenepa. Mbung'o anamnyonya ng'ombe, kisha anamng'ata mtoto anayechota maji. Kila muuzaji aliyesimama Brookes Corner akasema "huyu ni mzima" aliamini anachosema. Kanuni ya kuwatibu ng'ombe kabla ya kuuzwa ilikuwapo. Sindano moja. Ingefuatwa, wangebeba maziwa na ngozi zao tu kwenda kaskazini. Mpaka 2006 ikabidi kampeni kubwa ianzishwe, ng'ombe watibiwe kwa makundi na kunyunyiziwa dawa miguuni na tumboni, mahali mbung'o anapopenda kutua.

Kwa hiyo ukiniambia, "Daktari, haya ni mambo ya mimi na muuzaji wangu," nakujibu hapana. Mtoto wa Soroti hakununua ng'ombe.

Sasa chanjo. Hapa nitakwenda haraka, maana hapa uongo ni wa kitoto, ukijua kalenda tu unaunasa.

Unaona tangazo kwenye WhatsApp: "Vifaranga wa siku moja, chanjo zote zimetolewa." Zote? Kifaranga wa siku moja? Chanjo ya Mareks, sawa, hiyo hutolewa kwenye kiwanda cha kutotolea siku anayoanguliwa. Ya kideri inaanza wiki ya kwanza na inarudiwa. Ya Gumboro ni wiki ya pili na ya tatu. Ya ndui ya kuku inakuja baadaye kabisa. Anayekuuzia kifaranga wa siku moja mwenye "chanjo zote" ni kama anayekuuzia mtoto mchanga mwenye cheti cha darasa la saba. Kikundi kimoja cha vijana hapa kiliamini, hakikuchanja tena, na kideri kilipopita hakikuacha hata wa mbegu. Waliobaki kwenye banda ni mfagio na ndoo.

Nguruwe. Kuna mtu alipita Januari anasema watoto wake wa nguruwe "wamechanjwa homa". Homa gani? Homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayomaliza banda zima kwa wiki moja? Hakuna chanjo yake tunayoitumia hapa Uganda. Hakuna. Sijui alidunga nini, labda maji ya vitamini. Lakini ukisikia neno hilo geuza baiskeli urudi nyumbani, na anayelisema usimnunulie hata yai.

Mbwa. Wenye maduka hapa mpakani mnapenda mbwa wa ulinzi. Unaletewa mtoto wa wiki 6, unaambiwa "tayari amechanjwa kichaa". Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifika miezi 3. Ile ya parvo inaanza mapema lakini inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike karibu wiki 16. Omba kadi. Kadi ya kweli ina ile karatasi ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na ina jina na sahihi ya daktari. Kadi yenye mwandiko mmoja, kalamu moja, tarehe tatu tofauti, hiyo iliandikwa usiku mmoja mezani.

Kuna jambo jingine naliita sindano ya soko. Ng'ombe ana homa Jumatatu, soko ni Jumanne. Mwenyewe anaingia duka la dawa, anamchoma ng'ombe dawa ya kushusha homa na maumivu, pengine na antibayotiki juu yake. Jumanne anasimama kama bwana harusi. Alhamisi yuko chini, kwenye zizi lako. Wengine wanamlambisha chumvi, kisha wanamnywesha maji mpaka tumbo linakuwa duara. Tazameni shingo. Pitisheni kiganja taratibu dhidi ya manyoya, mtasikia uvimbe mdogo wa moto, kama punje ya maharage, mahali sindano ilipoingia. Ukiusikia usipige kelele. Uliza tu: "Hii sindano ya jana ilikuwa ya nini?" Umesema "ya jana" kana kwamba unajua. Mtazame usoni. Dawa za mifugo nazo ziko chini ya mamlaka ile ile ya taifa ya dawa inayosimamia za watu, ijapokuwa tunaziuza kando ya barabara kama njugu. Na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibayotiki jana yanaingia kwenye chai ya nani leo?

Nimefika kwenye karatasi. Amkeni, hapa ndipo pesa zilipo.

Tukinunua ng'ombe tunapata barua ya LC 1, yaani baraza la kijiji. Ni nzuri, tuendelee kuichukua. Lakini isomeni siku moja. Barua ya LC inasema ng'ombe si wa wizi. Haisemi ng'ombe si mgonjwa. Kibali cha kusafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo kinasema anaruhusiwa kutoka eneo lile, kwamba halimo kwenye karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Hakisemi ana mimba. Hakisemi lita. Basi lita na mimba na chanjo vimeandikwa wapi? Hewani.

Sheria yetu ya mikataba ya 2010 inasema mkataba wa kitu kinachozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000. Pigeni hesabu: 500,000. Ng'ombe gani wa maziwa leo anauzwa chini ya 500,000? Kwa hiyo kuandika si ustaarabu wa watu wa mjini, ndiyo sheria yenyewe. Na sheria ya uuzaji wa bidhaa ya 2017 inamlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara anachokitaka. Ukisema "nataka ng'ombe wa maziwa", naye kazi yake ni kuuza ng'ombe, akikupa asiyefaa kwa maziwa ana la kujibu. Lakini angalieni: kasoro ambayo ungeiona kwa kumkagua, na ulimkagua, hiyo ni yako. Ng'ombe chongo ukimnunua mchana kweupe usimtafute hakimu.

Andikeni nini? Hiki ndicho ninachowapa, kifupi, nimekichapa kwenye karatasi za kijani pale mlangoni:

"Mimi fulani nimemuuzia fulani ng'ombe jike mmoja, mweusi mwenye baka jeupe paja la kushoto, kwa shilingi kadhaa. Nimemwambia kwamba jana alikamuliwa lita kadhaa. Amezaa mara kadhaa. Hajawahi kutupa mimba. Alichanjwa hiki tarehe hii. Hajadungwa dawa kwa siku 14, au alidungwa hii. Zizini kwangu hakuna mnyama aliyekufa kwa ugonjwa miezi 3 iliyopita. Daktari akithibitisha ndani ya siku 21 kwamba mojawapo ya haya si kweli, nitamrudishia fedha zake."

Sahihi mbili, mashahidi wawili, namba za simu, nakala mbili. Na fedha zipite kwenye simu, si mkononi, ili zibaki na alama.

Mnunuzi nawe una deni lako. Siku hizo 21 mtenge ng'ombe mgeni, mnyunyizie dawa ya kupe siku ya kwanza, umwite daktari wiki ya kwanza. Ukimchanganya na wako wenye kupe siku ile ile, kisha ukarudi kumlilia muuzaji kwa ndigana, unamwonea. Nami sitakutolea ushahidi.

Inasaidia kweli? Kuna mama mmoja, yumo humu lakini amenikataza kumtaja. Alinunua ng'ombe wa 2,300,000, "ana mimba ya miezi 5", na akaandika. Wiki mbili baadaye nikaingiza mkono. Tumbo tupu. Muuzaji akasema "mimba imetoka njiani kwa mtikisiko wa gari." Mimba ya miezi 5 haitoki njiani kama kofia! Mama akamwandikia barua ya madai, akampa siku 14, akataja utaratibu wa madai madogo wa mahakama zetu, ule wa kesi zisizozidi shilingi milioni 10, ambako unasimama mwenyewe bila kulipa wakili. Hakufika huko. Siku ya 9 muuzaji alimtumia 600,000, tofauti ya bei ya ng'ombe mwenye mimba na asiye nayo. Kwa karatasi moja ya daftari la mtoto, la mistari.

Sasa niseme lililonileta, ingawa mwenyekiti aliniomba nisikae sana.

Mpaka hapa mmepiga makofi. Kila nilipotaja muuzaji mwongo mmetikisa vichwa. Nauliza: ng'ombe wanaouzwa sokoni kwetu wanauzwa na nani? Wanashuka mbinguni?

Simu yangu hulia saa 3 usiku. "Daktari, nguruwe wa jirani wamekufa wote. Wangu wanne bado wanakula. Nifanye nini?" Nasema, usiwatoe, funga banda, mwaga dawa mlangoni, nakuja asubuhi. Asubuhi nafika, banda limefagiliwa. Nguruwe wako wapi? "Nimewauza, daktari. Walikuwa wazima."

Walikuwa wazima. Homa ile inaweza kukaa mwilini siku 4 hadi 19 kabla ya kujionyesha. Nguruwe wale wanne wakaenda kwa bodaboda vijiji viwili, na siku ya 11 nikaitwa kule pia. Mtu aliyeniita alikuwa analia, amekopa kwa kikundi. Aliyemuuzia hakusema uongo hata neno moja. Hakuulizwa, hakusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeficha alilala usingizi na aliyeumbuka ni mwingine.

Sitataja jina. Simu hiyo nimeipokea zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja mpigaji alikuwa mtu anayenisikia sasa hivi.

Naona pamekuwa kimya. Mvua imeisha kumbe.

Sikuja kumtukana mtu. Sheria ya magonjwa ya wanyama inakutaka utoe taarifa, hilo mnalijua. Lakini najua pia ukitoa taarifa, banda linafungwa, karo ya muhula haingoji, na hakuna anayekuja na bahasha ya fidia. Mtu anachagua kati ya kusema kweli na mtoto kurudishwa kutoka shule. Nikiwa mkweli, sijui ningefanya nini mimi. Labda ningefagia banda.

Ndiyo maana ninachowaomba ni kidogo. Kila mwanachama anachangia hapa kila mwezi. Sehemu ndogo ya ule mfuko iwe ya anayesema. Anayepiga simu ya kwanza, anayefunga banda, apate kitu, hata kama ni bei ya nguruwe mmoja kati ya wanne. Mweka hazina ananitazama vibaya. Bei ya nguruwe mmoja, bwana mkubwa, ukilinganisha na mabanda ya vijiji viwili! Mlijadili mkutano ujao, mimi nitakaa nje nisiwaonee.

Na la mwisho, mwenyekiti. Nimesikia Jumatano unauza ule mtamba wako mweusi. Umewaambia watu ana mimba. Umesema "ana", nimekusikia kwa masikio yangu, hukusema "atapata". Nitafika saa 2 asubuhi na glavu yangu ndefu. Karatasi ya kijani nimeshakujazia jina, nakala mbili. Kalamu utaleta wewe.